Yule mshika rimoti wa banda letu leo kavuka mpaka, Højlund ni gogo kwa lipi?

Wakuu natype mikono inatetemeka, ndo kwanza natoka bandani. Mshika rimoti mnamjua, asiyemjua hajawahi kuangalia mpira mtaa huu. Ligi ya Mabingwa, Napoli na Sporting, Højlund straika wa Napoli kashatupia la kwanza dakika ya 36 kwa pasi ya mwenzake De Bruyne, Sporting wakachomoa kwa penati, mechi imechemka, jasho linanitoka kama nacheza mimi. Jamaa anainua rimoti anasema "nani anaangalia gogo?", yaani Højlund ni straika butu, PAAP, kaweka Barcelona na PSG. Dakika ya 79 De Bruyne kamwaga krosi, Højlund kaitia kichwa, goli la ushindi, na mimi nimelijua kwa sababu dogo mmoja mwenye mkeka kaona kwenye simu akaruka juu ya benchi!! Nimelipa buku langu halafu goli naletewa kama taarifa ya msiba.

Eti gogo. Gogo gani linapiga hat-trick dhidi ya Finland mechi yake ya kwanza kuanza timu ya taifa ya Denmark, Machi 2023? Mtoto wa 2003, katoka Copenhagen, Sturm Graz, Atalanta, ndani ya miezi 20 akawa Old Trafford kwa Manchester United kwa pauni milioni 64 na nyongeza milioni 8, hiyo bei alijipangia yeye? Msimu wa kwanza magoli 16, kafunga mechi 6 za ligi mfululizo, hakuna aliyewahi kufanya hivyo Premier League akiwa mdogo vile. Wa pili ulikuwa mgumu sikatai, ligi magoli 4, lakini mpira alikuwa analetewa na nani, mtu anakimbia dakika 90 mawinga wanakata ndani wanapaisha! Leo kapata mtu anayejua kupasia, pasi 2 magoli 2, na la pili SIJALIONA.

Machi 2025 kaingia sub kaifunga Ureno 1-0, akashangilia Kironaldo mbele ya Ronaldo mwenyewe, na huyo huyo mshika rimoti siku hiyo alikaa kimya kama kaimeza. Leo kaitapika. Dakika ya 79 jamani.

Kipara wa Buza: Punguza povu mkuu, uzi mzima kisa rimoti?

Shemeji Mkorofi: Mechi 21 bila goli halafu unasema "ulikuwa mgumu". Mimi hata na mguu wa POP ningepata moja.

Mleta uzi: Ile mechi na Leicester akafunga ukame ukaisha, mbona hiyo huitaji? Na msihamishe mada, goli limefungwa sisi tunaangalia Barca wanapasiana!

Jiko la Mkaa: Ila mshika rimoti kapatia, Ramos wa PSG kaua dakika ya 90 banda zima likainuka. Wewe peke yako ndo ulinuna.

Kipara wa Buza: Hahaha nilimuona, kanuna kama kaibiwa bodaboda.

Dada wa Gongo la Mboto: Nyie mna bahati mnagombania chaneli. Kwetu feni limekufa, mwenye banda anasema tushangilie upepo utakuja.

Jiko la Mkaa: Feni? Sisi luku inaisha dakika ya 80 kila wiki, tunachangishwa jero jero gizani na chenji hairudi.

Shemeji Mkorofi: Na wale wauza mayai wanaopita mbele ya skrini wakati wa penati, hao ndo wa kufungiwa kwanza.

Mleta uzi: Uzi ni wa Højlund jamani, DAKIKA YA 79.

Dada wa Gongo la Mboto: Usiwaguse wauza mayai. Wa kwetu anaweka kachumbari na pilipili ya kutosha.

Kipara wa Buza: Huko bei gani? Huku yai limefika 600 na kachumbari unaomba.