Nilitaka mita ya RPM kwenye HiAce ya dizeli, nikauziwa mita za gari la petroli na zangu zikauzwa

Ndugu zangu madereva na wenye magari ya kazi, nawaomba mnisomee hadi mwisho, kwa sababu yaliyonipata yanaweza kumpata yeyote kati yenu atakayeingia Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri vya magari hapa Nairobi, akiwa na pesa mfukoni na gari kuukuu nje.

Nina HiAce ya dizeli yenye injini ya Toyota iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu), ile ya sentimita za ujazo 2,779, ambayo hubeba viti na mahema ya harusi na matanga kutoka hapa Nairobi hadi Kinangop, Naivasha na Nakuru. Dashibodi yake ilikuwa na kipima mwendo, geji ya mafuta na geji ya joto, basi. Mita ya RPM, yaani ya kuonyesha mizunguko ya injini kwa dakika, haikuwapo, na kwa miaka mingi sikuihitaji, kwa kuwa aliyelizoea gari lake hubadilisha gia kwa sikio. Lakini tangu nimwajiri kijana wa kuniendeshea, nimekuwa nikiisikia injini ikilia vibaya kwenye mteremko wa Mai Mahiu, gari likiwa limejaa na gia ikiwa ndogo kupita kiasi. Injini hii huvuta vizuri zaidi karibu na mizunguko 2,400, na nguvu yake hufikia kilele kwenye 4,000. Nilitaka kijana azione namba hizo kwa macho yake.

Nikaenda kwenye duka la vipuri vilivyotumika, ambalo silitaji kwa sababu bado nalidai. Nikaeleza ninachotaka. Muuzaji akanitolea kisanduku kizima cha mita kilichotoka Japani, kisafi, chenye mita ya RPM upande wa kushoto, na fundi wa umeme wa hapo hapo akasema kitaingia bila taabu kwa kuwa ni cha HiAce ya umbo lile lile. Nikamuuliza waziwazi kama kinafaa dizeli. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Mzee wangu, injini ni injini, waya ni waya." Nililipa shilingi 11,500 pamoja na ufundi.

Sasa nieleze kosa lenyewe, kwa sababu hata baada ya kulalamika, fundi yule hakukiri kwamba ni kosa.

Mita ya RPM ya gari la petroli la aina hii huhesabu mapigo ya koili ya kuwashia plagi. Injini ya silinda nne hupiga cheche mbili kwa kila mzunguko mmoja, na mita imetengenezwa ijue hesabu hiyo na si nyingine. Dizeli haina koili wala cheche. Haina mahali popote ambapo mita hiyo ingepata habari. Kwa hiyo siku ya kwanza mshale ulilala kwenye sifuri na haukuamka, hata nilipokanyaga mafuta. Niliporudi, fundi alifungua alteneta, ile mashine inayochaji betri, akatoa waya kutoka ndani yake, akauunganisha na mita, akaniambia kazi imekwisha. Nikawasha injini. Mshale uliruka hadi juu kidogo ya 5,500 na kubaki pale ukitetemeka, ilhali gari limesimama, mguu wangu haujagusa pedali ya mafuta na injini inanguruma polepole kama kawaida yake.

Kuchukua mapigo kutoka kwenye alteneta si wazo baya, kwa maana zipo dizeli nyingi ambazo mita zake za RPM hufanya kazi hivyo tangu kiwandani. Tatizo ni hesabu. Alteneta ya kawaida ina nguzo 12 za sumaku, nazo hutoa mapigo sita kila inapozunguka mara moja. Nilipofika nyumbani nilipima puli kwa futi kamba: ya injini ina sentimita 15 na ya alteneta ina sentimita 6, maana yake alteneta huzunguka mara mbili na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Hayo ni mapigo 15, na mita inangojea mawili. Injini yangu ikitulia huzunguka kama mara 750 kwa dakika. Zidisha kwa 15, gawanya kwa mbili, utapata 5,625. Mshale ulikuwa ukisema kile kile ulichoambiwa. Aliyekosea ni mtu aliyeuunganisha na kuchukua pesa bila kufanya hesabu ya mtoto wa darasa la sita.

Hata hivyo, mshale si jambo linaloninyima usingizi. Kilichoniudhi zaidi ni taa. Kisanduku changu cha zamani kilikuwa na taa tatu ambazo gari la petroli la aina hii halina haja nazo. Moja ni ile ya hita plagi, zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka, ambayo huzimika zinapokuwa tayari ili ujue wakati wa kupiga stata. Kijana wangu sasa anakisia, na asubuhi moja ya baridi kule Limuru alipiga stata hadi betri ikaisha, wateja wakapokea viti saa nne badala ya saa mbili. Ya pili ni ile inayoonya kwamba maji yamejaa kwenye chujio la dizeli, na kila mwenye dizeli anajua kwamba pampu hulainishwa na dizeli hiyo hiyo, hivyo maji yakipenya yanaitafuna. Ya tatu ni ya mkanda wa taimingi, inayowaka kilomita 100,000 zinapotimia. Mkanda ukikatika kwenye injini ya 3L, vali hugongana na pistoni. Taa zote tatu zimeondoka, na hakuna aliyenitahadharisha kwamba zitaondoka.

Zimeondoka pia kilomita zangu. Gari lilikuwa limetembea 312,000 na ushei, na mkanda nilikuwa nimeubadilisha kwenye 268,000, hesabu niliyoiandika kwa kalamu ndani ya mlango. Sasa dashibodi inasoma 94,000. Siku nitakapoliuza, mnunuzi ataniona mwizi niliyerudisha kilomita nyuma, naye atakuwa na haki ya kunishuku. Haya yangeweza kuepukwa kwa bisibisi moja: kipima mwendo pamoja na namba zake hushikiliwa kwa skrubu chache upande wa nyuma, na fundi mwangalifu huzifungua akajaribu kuhamisha kipande hicho kwenye kisanduku kipya kabla ya kufunga dashibodi. Kipima mwendo chenyewe hakijaharibika, nakiri, wala geji ya mafuta.

Nilipoifungua dashibodi mwenyewe Jumapili, nilikuta waya saba zimekatwa kwa koleo na kusokotwa na tepu nyeusi, ilhali pini za soketi zingeweza kutolewa moja moja bila kukata chochote. Ile karatasi laini ya plastiki yenye njia za shaba, iliyo nyuma ya mita, ilikuwa imekunjwa na kufanya ufa. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa na nia ya kurudisha kitu mahali pake.

Nami nilitaka kirudishwe. Nilikwenda mara ya tatu nikasema: pesa zenu kaeni nazo, nirudishieni kisanduku changu. Muuzaji akasema kimeshauzwa, kwa sababu kipuri cha zamani hubaki dukani, ndiyo desturi. Desturi ya nani? Hakuna aliyeniambia kabla ya kulipa, hakuna karatasi niliyotia sahihi, na bei haikupunguzwa hata shilingi kumi. Kitu kilichotoka kwenye gari langu ni mali yangu hadi nitakaposema vingine.

Wenye dizeli mnaotaka mita ya RPM, ipo ya kujitegemea, ya kufungwa kando ya dashibodi, ambayo inakubali mapigo ya alteneta na unairekebisha hadi isome sawa na injini yako. Mita zenu za kiwandani haziguswi. Ndiyo niliyopaswa kuuziwa.

Kwa sasa natafuta kisanduku changu. Ni cha HiAce ya dizeli, hakina mita ya RPM, kinasoma zaidi ya kilomita 312,000, na kioo chake cha plastiki kina mkwaruzo mrefu kwenye kona ya chini kulia, juu ya geji ya joto, ambao binti yangu aliuchora kwa ufunguo alipokuwa mdogo. Kama umekinunua mtaani siku za karibuni, tafadhali niandikie. Nitakurudishia pesa ulizolipa na kukulipia fundi wa kukufungia kingine.