Wiki 12 kabla ya kwenda kusoma sheria na sosholojia Uingereza: tuwafundishe nini?

mkufunzi_jioni

Habari za leo wakuu. Kituo chetu cha masomo ya jioni hapa Arusha kimekabidhiwa vijana sita wanaokwenda Uingereza mwezi wa tisa. Wanne wanasoma sheria, wawili sosholojia na sayansi ya siasa. Watano wamemaliza kidato cha sita, wengi mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Mmoja ana KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya, ataanza na mwaka wa maandalizi kabla ya shahada ya sheria. IELTS, mtihani wa Kiingereza, wote wamevuka. Tuna wiki 12, saa 6 kwa wiki.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuwapa msamiati wa kisheria na historia ya Bunge la Uingereza, lakini naona kama tutapoteza muda. Mnaoandaa wanafunzi wa namna hii, mnaanzia wapi? Na muhula wa kwanza huwa wanaangushwa na nini hasa?

Hoja_na_Hukumu

Mwalimu, msamiati uacheni, watauokota njiani. Kinachowaangusha wa sheria ni kusoma hukumu kama wanavyosoma kitabu cha historia: wanaanza ukurasa wa kwanza, wanapigia mstari kila kitu, na mwisho wana kurasa sita za madesa huku hawajui mahakama iliamua nini wala kwa sababu gani.

Chukueni kesi moja mkae nayo wiki mbili nzima. Donoghue v Stevenson ya 1932 inafaa kuliko zote, na inapatikana bure kwenye tovuti ya BAILII. Mwanzoni wasichapishiwe muhtasari wa mtu mwingine. Wapeni hukumu yenyewe na maswali manne tu: nini kilitokea, mahakama iliulizwa swali gani la kisheria, ilijibu nini, na ni sababu ipi ambayo ukiiondoa jibu linaanguka. Jibu la swali la nne ndilo linalozifunga mahakama za chini. Mengine jaji aliyoyasema pembeni yana uzito wa kushawishi tu.

Mambo yenyewe yalitokea Paisley, Scotland, Agosti 1928. Bi Donoghue alidai kwamba aliugua baada ya kunywa kinywaji cha tangawizi kilichotengenezwa na Stevenson, na kwamba ndani ya chupa kulikuwa na konokono aliyeoza. Rafiki yake ndiye aliyeagiza na kulipia kinywaji hicho. Waulizeni kwa nini jambo hilo lina uzito. Kwa sababu Bi Donoghue hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa, hivyo hakuweza kumdai kwa njia ya mkataba, akamgeukia mtengenezaji. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi. Hilo nalo lina uzito gani? Tangu ilipotoka kwa mtengenezaji hadi ikamfikia mnywaji, hakuna mtu wa katikati aliyeweza kuona kilichomo.

Kuna mtego ambao karibu kila darasa linanasa. Wanafunzi wanaandika kwamba "mahakama ilithibitisha kulikuwa na konokono ndani ya chupa." Haikuthibitisha. House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati huo, iliulizwa swali la sheria peke yake: tukichukulia kwamba madai ni kweli, je, mtengenezaji anawajibika? Stevenson alifariki kabla ushahidi haujasikilizwa na shauri likamalizwa kwa makubaliano. Mwanafunzi akilielewa hilo, ameshajua tofauti ya suala la sheria na suala la ushahidi, na hiyo itamfaa miaka yote mitatu.

Pia majaji waligawanyika watatu kwa wawili. Msiishie kwa Lord Atkin, wa upande ulioshinda, na kanuni yake ya jirani: uwe mwangalifu usimdhuru yule unayeweza kuona mapema kwamba kitendo chako kitamgusa. Wasome na Lord Buckmaster aliyepinga, kisha kila mmoja atetee upande asioupenda kwa dakika tano.

Wiki ya tatu, anzeni kubadilisha tukio. Chupa ingekuwa angavu je? Bi Donoghue angelipa mwenyewe je? Hapo ndipo wanapoingia kwenye maswali ya matukio, ambayo hujibiwa kwa hatua nne: suala, kanuni, matumizi, hitimisho. Wanafunzi wetu wanamwaga karibu jibu lote kwenye kanuni kwa sababu ndiyo waliyokariri. Alama nyingi ziko kwenye matumizi. Linganisheni hizi mbili:

"Mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji, hivyo kampuni inawajibika."

"Tofauti na Donoghue, ambako chupa haikuonyesha kilichomo, hapa chupa ilikuwa angavu na kipande cha plastiki kilionekana kwa macho. Muuzaji alikuwa na nafasi ya kukagua, na jambo hilo linadhoofisha dai dhidi ya kampuni."

Ya kwanza ni sheria bila tukio. Ya pili imeshika tukio mkononi na kulipima. Fanyeni mazoezi ya aya moja moja kwa wiki nyingi kabla ya kudai insha kamili.

bibi_semina

Naongezea kwa wale wawili wa sosholojia na siasa, ingawa wa sheria nao litawafaa.

IELTS isiwape amani. Insha yake ni maneno 250 kwa dakika 40 bila chanzo chochote. Chuoni ni maneno 2,000 na kila dai linaulizwa: umelitoa wapi, na kwa nini tuliamini?

Mko Arusha, tumieni Azimio la Arusha la 1967, wanalijua tangu shuleni. Wapeni swali: "Ni kwa kiasi gani Ujamaa ulishindwa?" Watawaandikia sababu tano za kushindwa, zimepangwa vizuri, aya tano. Mtihani wa sekondari ungewapa alama nzuri. Chuoni ni jibu dhaifu, kwa sababu hawakugusa "kwa kiasi gani" na hawakusema neno "kushindwa" wanalipima kwa kipimo gani. Kwa mavuno? Kwa jinsi watu walivyohamishwa kwa nguvu kwenye vijiji kati ya 1973 na 1976? Au kwa kusoma na kuandika, na kwa taifa kushikamana? Kipimo kikibadilika, jibu linabadilika. Mwanafunzi achague kipimo, aseme kwa nini amekichagua, kisha amjibu anayetumia kipimo kingine. Hilo ndilo wahadhiri wanaloliita uchambuzi, na mara nyingi hakuna anayewaeleza wanafunzi maana yake.

Kuhusu wingi wa kusoma: semina moja inaweza kudai kurasa 60 kwa wiki, na masomo ni manne. Wafundisheni kuanza na ikisiri, kisha aya za mwisho za utangulizi, kisha hitimisho, ndipo warudi katikati kutafuta ushahidi. Makala ya kurasa 20, dakika 50, saa ukutani. Mwisho waandike sentensi tatu: mwandishi anadai nini, ushahidi wake ni upi, na nini hakukijibu. Sentensi ya tatu itawatesa, wamezoea kwamba kilichochapishwa hakipingwi. Msiwaonee huruma hapo.

Jingine ni adabu. Kijana aliyelelewa asimkatize mkubwa atakaa kimya semina nzima akisubiri kuitwa jina, na mwalimu atadhani hakusoma. Mpeni kazi ya kuuliza swali moja ndani ya dakika 10 za mwanzo, kila kipindi, hata kama sauti inatetemeka. Ikifika wiki ya tano inakuwa kawaida.

tanbihi_safi

Msisahau rejea. Shule nyingi za sheria Uingereza hutumia mfumo wa OSCOLA, wenye tanbihi chini ya ukurasa. Sosholojia na siasa mara nyingi ni Harvard au APA, jina na mwaka ndani ya sentensi. Idara ndiyo inayosema, waangalie kitabu cha kozi.

Kwenye OSCOLA kosa linalojirudia ni mabano. Donoghue v Stevenson [1932] AC 562 (HL) ina mabano ya mraba kwa sababu bila mwaka huwezi kulipata juzuu la ripoti za kesi (AC). Hadley v Baxendale (1854) 9 Exch 341 ina ya mviringo kwa sababu juzuu lina namba yake, 9, na mwaka ni wa kukufahamisha tu. Jina la kesi ni italiki, vifupisho havina nukta, tanbihi inafungwa kwa nukta. Ukinukuu ukurasa fulani, namba yake inakuja mwisho: kanuni ya jirani iko 580.

Kuhusu wizi wa maandishi, wengi hawaibi kwa makusudi. Wanabadilisha neno moja moja huku sentensi ya mwandishi ikibaki na mifupa yake ileile. Dawa: soma aya, funga kitabu, mwelezee mwenzako kwa Kiswahili, kisha andika kwa Kiingereza bila kufungua. Kupitia Kiswahili kunavunja muundo wa sentensi ya asili, nafasi ambayo mwenye lugha moja hana. Halafu fungua uhakikishe hukupotosha, na uweke rejea hata kama maneno ni yako, maana wazo ni la mwingine.

Asilimia ya Turnitin, programu inayoonyesha maandishi yanayofanana na ya wengine, nayo isiwatishe wala kuwatuliza. Asilimia 25 inaweza kuwa nukuu halali na orodha ya rejea. Asilimia 6 inaweza kuwa aya moja iliyobebwa nzima.

mkufunzi_jioni

Asanteni sana. Historia ya Bunge nimeifuta. Swali la mwisho: wawili wanataka kurudi kuwa mawakili, yule wa KCSE akiwa mmoja wao. Kuna la kufanya sasa hivi?

Hoja_na_Hukumu

Lipo, na lifanyike kabla karo haijalipwa.

Wa Tanzania: shahada ya nje inapitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kutambuliwa, kisha ndiyo Law School of Tanzania, kwa mafunzo ya uwakili. Atunze barua ya udahili, matokeo ya kila mwaka na maelezo ya kila somo tangu siku ya kwanza. Kuyatafuta baada ya miaka minne ni mateso.

Wa Kenya aangalie kwa makini zaidi. Jedwali la pili la sheria ya mwaka 2012 iliyounda Kenya School of Law linagusa hadi alama za sekondari: wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Tafsiri yake imebishaniwa sana mahakamani, kwa hiyo asitegemee maneno ya wakala. Aiandikie Kenya School of Law yenyewe na Council of Legal Education, baraza la elimu ya sheria la Kenya, apate jibu la maandishi. Mwaka wa maandalizi utamwingiza chuo cha Uingereza, lakini haubadilishi cheti chake cha KCSE. Achukue pia orodha ya masomo ya lazima ya Kenya. Sheria ya ushahidi, kwa mfano, ni ya hiari katika shahada nyingi za Uingereza, na asipoichagua mwaka wa pili au wa tatu atalazimika kuisoma upya nyumbani.

Kwa wote wawili, tengeni saa moja kwa wiki kwa hukumu za nyumbani, TanzLII na Kenya Law ni bure. Tanzania ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, Kenya tarehe 12 Agosti 1897. Donoghue imekuja baada ya tarehe zote mbili. Wapeni swali hili wiki ya 12: kwa nini basi majaji wetu wanaitaja?

mkufunzi_jioni

Hilo nitaanza nalo wiki ya kwanza, nione wanajibu nini, kisha tulirudie wiki ya 12. Barua ya Nairobi tunaiandika kesho.