Ndugu zangu wameacha kuja kula Jumapili, naombeni ushauri

Dada wa Tabata:
Habari za jioni wanajamvi. Naomba mnisaidie mawazo, maana hata usingizi sipati.

Mimi ni kifungua mimba, tumezaliwa wanne, wote tunaishi Dar. Baba alipofariki nilimchukua mama nikakaa naye. Nikaona tukienda hivi tutabaki kuonana misibani tu, ndipo nikaanzisha chakula cha pamoja kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Mama anamenya ndizi tangu asubuhi, mimi napika, watoto wanakula mkekani, wakubwa mezani. Simu zote zinawekwa kwenye kapu. Kabla ya kupakua, kila mtu anataja jambo moja analoshukuru.

Mwanzoni nyumba ilijaa. Sasa mdogo wangu wa kiume anayenifuata haji, mkewe haji, na wale wengine wawili wameanza visingizio, mara foleni, mara mtoto ana homa. Jumapili iliyopita tulibaki mimi, mama na wanangu na sufuria zima la machalari. Kila gari likipita mama anauliza, "Ndio wao?" Desemba tunatakiwa wote kwenda nyumbani Moshi na sitaki tufike hatusemeshani. Nifanyeje warudi?

Fundi Gereji:
Dada pole. Tatizo hapo ni muda. Mwanaume Jumapili jioni ana mpira. Pakua saa saba kamili, saa tisa mtu awe huru. Na simu mrudishie, mtu mzima hanyang'anywi simu.

Binti Pangani:
Umenikumbusha mbali. Sisi tulikula sinia moja, wali wa nazi na changu wa kupaka, kila mtu anakula mbele yake, ukivuka mpaka unapigwa kofi la mkono. Marehemu mama alikuwa anachambua miba halafu anasukuma minofu kwa kidole upande wa mdogo wetu bila kusema neno. Hatukuambiwa tushukuru, ila mpaka leo nikila changu nachambua kwanza ya mtoto. Nunua sinia dada. Meza inatenganisha watu.

Mpwa wa Muscat:
Huku kwetu ni Ijumaa baada ya swala, wote kwa bibi. Bibi ana asili ya Unguja, hajui kupika kwa ajili ya watu wachache. Asiyekuja anapelekewa chakula chake mpaka mlangoni, na akipelekewa mara mbili anaona haya, ya tatu anakuja mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu:
Mleta mada, wageni hawasusii machalari. Hebu tueleze hiyo shukrani. Nani anaanza, na anasemaje?

Dada wa Tabata:
Asanteni. Sinia nitalifikiria. Mwalimu, naanza mimi kama mkubwa, kisha zamu inazunguka. Kila mtu anamshukuru Mungu kwa lolote alilojaaliwa. Sioni tatizo hapo.

Mwalimu Mstaafu:
Sikusema lina tatizo. Nimeuliza unasema maneno gani.

Dada wa Tabata:
Basi niseme. Huwa namshukuru Mungu kwa kuniwezesha kumlipia ada mtoto wa mdogo wangu, yuko kidato cha pili shule ya bweni ya binafsi, na kwa kuniwezesha gharama za matibabu ya mama, na mtaji niliompa kitinda mimba wetu. Halafu naomba kila mmoja amshukuru Mungu, na pia binadamu aliyemtendea wema. Kuna ubaya gani? Baba mwenyewe alikuwa akisema moyo usio na shukrani hukausha mema yote. Watu wanazoea kupokea kama vile wanadai.

Kijana wa Mwenge:
Dada hiyo siyo sala ya chakula, hiyo ni risiti 😂

Dada wa Tabata:
Cheka tu. Hujawahi kubeba ukoo.

Mama Wawili:
Mimi nipo upande wa dada. Niliwasomesha wadogo zangu kwa kuuza vitumbua Buguruni, leo wana magari, hata salamu ya Krismasi hawatumi. Watu wa siku hizi hawana shukrani kabisa.

Fundi Gereji:
Sasa kama ada inaleta maneno, mtoto ahamie shule ya serikali. Ada ilifutwa 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 wakaongeza cha tano na cha sita. Ugomvi umekwisha.

Dada wa Tabata:
Hapo ndipo penyewe. Nimeshamwandikia mdogo wangu kwamba asipokuja mpaka mwisho wa Novemba, ada ya Januari ajue mwenyewe. Msiniambie nifute. Lazima mtu ajue thamani ya anachopewa. Na siyo kwamba simheshimu, mama ana kidonda cha mguu cha sukari, hatembei vizuri, na huyo mdogo wangu ndiye anayempeleka kliniki. Lakini mafuta ya gari natoa mimi.

Mzee wa Data:
Wakuu, hii ni CHAI. Mwanzo mama anamenya ndizi tangu asubuhi, sasa mama hatembei. Kwanza haikuwepo ada, mara ada ipo, mara mtaji, mara kidonda. Kesho tutaambiwa baba amefufuka. Tunatungiwa hadithi hapa.

Kijana wa Mwenge:
Na mimi nilishangaa. Dada kama ni Mchaga kweli, tofauti ya mtori na machalari ni nini?

Dada wa Tabata:
Nyie watu. Mtori ndizi zinapondwa mpaka ziwe nzito na mchuzi wa nyama, anapewa hata mzazi aliyetoka kujifungua. Machalari ndizi hazipondwi, zinabaki vipande na nyama yake. Na mama anamenya akiwa AMEKAA, mguu umewekwa juu ya stuli, beseni la maji mapajani, viganja kavipaka mafuta ya kula ili utomvu wa ndizi mshare usigande. Kidonda kiko mguuni, mikono yake mizima. Mzee wa Data, mama yako hamenyi kitu akiwa amekaa?

Mzee wa Data:
Hapo kwenye mafuta nimekubali. Mke wangu naye anafanya hivyo. Ila chumvi imezidi.

Jirani Kibosho:
Jamani tuache kupimana Uchaga. Dada, unajua isale. Wazee wetu mtu akigombana na nduguye hutuma jani la isale, na ukipelekewa isale huna budi kusamehe. Chukua isale nenda kwa mdogo wako kabla ya Desemba. Mkifika Moshi mbuzi akachinjwa mkiwa mmenuniana, hata kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, hakitapita kooni.

Dada wa Tabata:
Mimi mkubwa nimpelekee mdogo isale? Kwa kosa gani? Kosa langu kumsomeshea mtoto?

Jirani Kibosho:
Isale haliangalii nani alizaliwa kwanza.

Niliyesomeshwa:
Sijawahi kuchangia humu, leo naandika. Mimi ndiye mdogo wa aina hiyo. Kaka alinisomesha mpaka chuo, Mungu ambariki. Kila tukikaa kula kwake anasimulia mbele ya mke wangu alivyouza ng'ombe ili nisome. Ni kweli aliuza. Kwanza nilikuwa naitikia "asante kaka". Baadaye tonge likawa linakwama. Nikitazama wanangu, wameacha kula wananiangalia mimi. Nikaanza kusema nina safari. Kaka anajua sina shukrani, wakati namuombea kila usiku. Dada, mdogo wako anakesha foleni kliniki na mama yenu. Umewahi kulitaja hilo mezani, mbele ya mkewe na watoto?

Mama Wawili:
Mmh. Hapo umenigusa.

Dada wa Tabata:
Sijalitaja, sikuona kama ni jambo la kutaja, ni mama yake pia. Lakini nimesoma hii mara mbili. Mimi siwasimangi jamani, nataka tuwe na umoja, baba alituachia umoja. Jumapili hii mama ndiye ataanza, mimi nitanyamaza. Kapu la simu nitaliondoa. Ila suala la ada nitaliangalia mwisho wa Novemba kama nilivyosema, sitaki nionekane natishia halafu nageuka.

Binti Pangani:
Na sinia usisahau.

Mwalimu Mstaafu:
Usingoje Novemba. Mpigie mdogo wako leo usiku, mwambie ada ya mtoto iko palepale, aje au asije. Mtoto hajagombana na mtu na anasubiri kujua Januari anarudi shule ipi. Ukimaliza hilo ndipo umwalike. Na huyo wa Muscat amesema jambo la maana, asipokuja funga machalari kwenye hotipoti mpelekee. Nenda mwenyewe, usimtume dereva wa bodaboda.

Dada wa Tabata:
Anaishi Mbagala, mwalimu. Tabata mpaka Mbagala Jumapili.

Mwalimu Mstaafu:
Yeye alikuwa anakuja kutoka huko huko na watoto.