Mjadala: Muziki wa Conan, tusikilize ule wa Roma uliosafishwa au uliopigwa upya Prague?

Kijana wa Kijenge (mleta mada)
Wadau, salaam. Jumamosi tumepata ukumbi mdogo hapa Kijenge Juu na spika mbili nzuri za kuazima. Tunataka watu wakae wasikilize muziki wa Conan the Barbarian mwanzo hadi mwisho, bila picha. Ile filamu ya Arnold ya 1982, mtunzi Basil Poledouris. Sasa tumegawanyika. Kuna rekodi ya enzi ileile, iliyopigwa Roma na orkestra ya watu 90 na kwaya ya watu 24, ikaja kusafishwa na kutolewa yote kwenye CD tatu mwaka 2012. Na kuna iliyopigwa upya na orkestra ya Prague chini ya Nic Raine, ikatoka 2010, mtunzi akiwa keshafariki. Muda unatosha moja tu. Mimi nasimama na Roma, mikwaruzo na yote. Ninyi mnasemaje, na kwa nini? Naomba hoja.

Honi ya Machame
Mimi ni mpiga tarumbeta wa usharika, huu mwaka wa 19, na jibu langu ni Prague. Ule mwanzo, upanga unapofuliwa, zinalia honi 24, zile tarumbeta zilizoviringwa, kwa pamoja. Ishirini na nne! Aliyewahi kushika honi anajua hizo ni pumzi za namna gani. Kwenye rekodi ya Roma zimebanana mpaka zimekuwa ukuta: unasikia ukubwa, husikii watu. Ya Prague nasikia nani kaanza na nani kaitikia, na ngoma chini zinatembea zenyewe. Tena msisahau, sinemani filamu ile ilitoka kwa mono, sauti yote njia moja. Mtu kaandika kitu kipana kama uwanda wa Sanya, watu wakakipata kimekunjwa. Noti zipo, wapigaji wapo, zipigwe. Nyimbo walizotuletea wamisionari wa Leipzig tangu miaka ya 1890 tunazipiga kila Jumapili, sijasikia muumini akiulizia rekodi ya kwanza.

Mzee wa Pasua
Mangi, wimbo wa kanisani umeandikwa apige yeyote. Muziki wa filamu umefungwa kwenye picha kama mtoto mgongoni. Sikiliza pale wapanda farasi wanaposhuka kijijini, kwaya inaimba Kilatini. Kuna mahali kwa sikio langu waimbaji wa Roma wanakaribia kushindwa, sauti inapasuka kidogo. Ule ni woga. Wa Prague wameimba vizuri mno. Kijiji kinaungua na wao wamesimama sawasawa. Sasa woga ukishaondoka, kilichobaki ni nini?

Mdau wa Sakina
Samahani wakuu, huo wa kwaya si ndio Carmina Burana? Nilijua jamaa aliuchukua tu.

Mzee wa Pasua
Hapana, mdogo wangu. Mwongozaji John Milius ndiye aliyeitaka Carmina Burana ya Carl Orff. Filamu ya Excalibur ikawahi kuitumia 1981, ikabidi Poledouris atunge yake. Kufanana kupo, wizi hakuna.

SikioSafi
Nipo na Honi. Na niseme lililo moyoni: wengi mnaoililia Roma hamjawahi kuisikia. Mliisikia kwenye banda la video, runinga ya inchi 14, mkanda umenakiliwa mara ya tano, chenga tupu, na juu yake mtu wa banda anapayuka "stelingi kakasirika". Mnachotetea ni utoto wenu. Anayemheshimu mtunzi aweke Prague.

Binti Ngarenaro
SikioSafi, futa hiyo kauli. Huyo "mtu wa banda anapayuka" mmoja wao ni baba yangu mzazi. Alikuwa na maiki moja na deki mbili, akatafsiri muvi Ngarenaro miaka mingi, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye kiingilio cha shilingi 50 kwa mtu mzima na 20 kwa mtoto. Usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha alikuwa anaitazama muvi mara mbili, daftari gotini, maana Kiingereza alijifunza peke yake. Nikiwa mdogo nilikuwa namshikia taa umeme ukikatika. Ukitaka Prague, sema Prague. Usipite juu ya mgongo wa mtu.

SikioSafi
Dada, pole, sikujua habari za mzee. Lakini hoja yangu iko palepale. Sauti ya mtu juu ya orkestra inaziba orkestra. Hapo sijamdharau mtu, nazungumzia sikio.

Kaka wa Unga Limited
Inaziba nini? Conan umeitazama kweli wewe? Mwanzo wake una maneno mangapi? Baba anamweleza mtoto habari za chuma, basi. Kijiji kinavamiwa, mama anauawa, mtoto anafungwa kwenye lile gurudumu, anasukuma, anasukuma, mpaka anakuwa Arnold. Kote huko cha kutafsiri hakuna!

Mimi nilikuwepo, banda la Unga Limited, nimekaa chini mbele kabisa, magoti yangu yanagusa meza ya runinga. Mtafsiri alisema "sasa tulieni", akalaza maiki mapajani, akapandisha sauti ya runinga mpaka spika ikaanza kunguruma. Tulikuwa tumejazana mpaka mlangoni na hakuna aliyekohoa. Gurudumu linazunguka, muziki unarudia uleule, na kila ukirudi umeongezeka kitu. Jina la chombo hata kimoja sikuwa nalijua, lakini nilijua muziki nao unasukuma. Usituambie hatukusikia.

SikioSafi
Wa kwenu alinyamaza. Niliokaa nao mimi Majengo, Moshi, walikuwa hawanyamazi hata kwenye busu.

Mdau wa Sakina
Hahaha, Majengo hapo umewapata. Kuna mmoja alikuwa anataja na bei ya farasi.

Kaka wa Unga Limited
Na ukarudi kesho yake. Na keshokutwa. Nani alikulazimisha?

Honi ya Machame
Jamani, turudi kwenye mada. Roma au Prague?

Mama wa Soweto
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mada yenyewe inanisikitisha kidogo. Mnagombea Roma na Prague, na tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) je? Nyimbo za bendi zetu zilirekodiwa pale watu wote chumba kimoja, na nyingi hazina nakala nyingine duniani. Hata mji wenu huo wa Arusha: ndugu wa Kinyonga walipotoka Tanga walikaa hapo na Arusha Jazz, ndipo wakaenda Kenya wakawa Simba Wanyika. Siku zile za Arusha zinasikika wapi leo?

Nimefanya kazi na tepu, najua ninachosema. Nyingi za miaka ya sabini na themanini gundi yake hunyonya unyevu. Ukiicheza inalia kama mlango, inaacha tope la kahawia kwenye kichwa cha mashine, na hilo tope ndilo wimbo wenyewe. Inabidi ipashwe moto mdogo, nyuzi 50 na kitu, saa nyingi, ipoe, ndipo upate nafasi ya kuinakili. Hiyo ndiyo kazi ya kusafisha. Ingeanzia kwetu.

Mzee wa Pasua
Mama, umenena. Na umenipa silaha. Akitokea mtu akasema nyimbo za Morogoro Jazz zipigwe upya na vijana wenye magitaa mapya, tepu ya Mbaraka Mwinshehe ikae kabatini, utakubali?

Mama wa Soweto
Siwezi kukubali.

Mzee wa Pasua
Basi. Roma.

Honi ya Machame
Mzee wangu, kwa heshima zote, umelinganisha visivyolingana. Mbaraka alitunga, akaimba na kupiga gitaa mwenyewe. Vidole vyake viko kwenye ile tepu. Poledouris hakupuliza honi hata moja kati ya zile 24. Kazi yake ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi inaomba wapigaji.

Na karatasi nayo haina dhamana. Kule Marekani kampuni ya filamu ya MGM walitupa noti za filamu zao, mzigo mzima ukaenda jalalani, mpaka Mwingereza John Wilson akakaa miaka anasikiliza filamu zenyewe na kuandika upya sauti moja moja, filimbi hii, fidla ile. Asingekaa, zisingepigwa tena ukumbini.

Nimalizie na hili, maana linaniuma. Julai 2006 Poledouris alikuwa mgonjwa wa saratani. Akafunga safari hadi Úbeda, Hispania, akasimama mbele ya orkestra nyingine na kwaya nyingine kabisa, akauongoza muziki huuhuu wa Conan. Novemba akafariki. Kama kwake Roma ndiyo ilikuwa imeshamaliza yote, angepanda ndege na maumivu yale kwenda kufanya nini?

Mzee wa Pasua
Hilo la Úbeda sikuwa nalo. Acha nilikalie.

Kijana wa Kijenge
Mimi bado Roma, lakini Honi umenitikisa. Wengine? Mpaka sasa nahesabu wawili Prague, watatu Roma nikimjumlisha Kaka wa Unga Limited.

Kaka wa Unga Limited
Mimi wala Roma wala Prague. Naomba mtu mmoja humu akubali kwamba tulisikia.

Binti Ngarenaro
Honi, nimeisoma habari ya Úbeda mara mbili. Asante.

SikioSafi, sijamaliza na wewe. Filamu yenyewe inaanzaje? Inaanza na sauti ya mzee anasimulia, mwigizaji Mako, gizani, kabla upanga haujafuliwa. Msimuliaji kawekwa na wenye filamu, na muziki unamfuata yeye. Baba alikuwa anamngoja Mako amalize sentensi, anasimulia yake kwa Kiswahili, kisha anaachia honi ziingie. Alikuwa anajua zinaingia wapi. Mimi mpaka leo nikisikia zile honi naisikia kwanza pumzi yake kwenye maiki.

SikioSafi
Dada, Mako yuko kwenye miksi. Mtu alikaa na mashine akapima Mako awe wapi na honi ziwe wapi. Mzee alipima na nini?

Binti Ngarenaro
Na kidole. Kidole gumba cha kushoto kwenye kitufe cha sauti. Kilikuwa na sugu. Na si maneno matupu, mkanda wa Conan aliouwekea maneno upo. Alipofariki sanduku lake lilipelekwa kwa shangazi Moshi, limekaa chini ya kitanda miaka yote hii. Sijawahi kuwa na moyo wa kuuchezesha.

Kaka wa Unga Limited
Dada. Huyo mzee alikuwa anaanza kila muvi kwa kugonga maiki mara tatu?

Binti Ngarenaro
Mara tatu. Unamjua?

Kaka wa Unga Limited
Alikuwa anakuja kwetu Unga Limited kila Alhamisi. Ndiye aliyelaza maiki mapajani.

Kijana wa Kijenge
Huo mkanda uje Jumamosi. Roma na Prague zitasubiri. Nani ana deki inayofanya kazi?

SikioSafi
Ninayo. Nimeifanyia usafi mwezi uliopita, vichwa vizima. Naileta mwenyewe kutoka Moshi. Na ile kauli ya kupayuka nimeifuta, dada, niliandika vibaya.

Mama wa Soweto
Ngojeni! Mtu asiutie huo mkanda kwenye deki yoyote. Chini ya kitanda, Moshi, na zile mvua za masika? Binti, mpigie shangazi sasa hivi. Mwambie kuna kitufe kidogo ubavuni mwa mkanda, akibonyeze, ainue kifuniko cha mbele, kisha amulike na tochi ya simu kupitia kile kidirisha cha juu. Asiguse utepe. Akiona unga mweupe kwenye kingo, huo ni ukungu. Ukizungushwa hivyo unagandana, unachanika, na deki nayo inaambukiza mikanda mingine.

Binti Ngarenaro
Nimempigia. Anatafuta miwani.

Binti Ngarenaro
Kamulika. Anasema upo, kama chumvi, upande mmoja.

Mama wa Soweto
Umerudishwa mwanzo au uliachwa katikati?

Binti Ngarenaro
Umerudishwa. Baba hakuwahi kuacha mkanda bila kuurudisha.

Mama wa Soweto
Vizuri. Mwambie aufunge kwenye karatasi kavu, ausimamishe wima mbali na jiko, usiguswe. SikioSafi, wewe uko Moshi, andaa deki na kitambaa kisicho na manyoya. Mimi napanda basi la kwanza asubuhi.