Tupeane uzoefu: mliowahi kununua pikipiki kubwa ya zamani ya kutembelea kila siku, mlikagua nini?

Mwana wa Uyole
Wakubwa shikamooni. Nimepata Honda CB500 ya mwaka 1998, ile ya injini nje, haina makava. Mwenye nayo yupo Iyunga, hapa Mbeya. Naitaka ya kwenda kazini kila siku, Uyole hadi Mafiati, na mwisho wa mwezi Tukuyu kwa mama. Nimezoea boda ya cc 150 tu. Jana nimeiona inang'aa, moyo ukanienda mbio, halafu nikamkumbuka mdogo wangu aliyeuziwa chuma kilichopigwa rangi mpya kikafa wiki ya pili. Mliopita njia hii nisaidieni.

Kijiweni Mwanjelwa
Yangu ilikuwa ya silinda nne. Nilifika kwa muuzaji saa nne asubuhi, akagusa stata mara moja ikaitika. Nikalipa. Kesho yake saa kumi na mbili, Juni, baridi ya Mbeya mnaijua, niliihangaikia nusu saa. Ilipowaka ikatoa moshi wa bluu mpaka jirani akatoka nje. Kumbe jamaa aliipasha kabla sijafika, na sili za vali, vile vimpira vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda, zilikuwa zimekauka siku nyingi. Nenda alfajiri. Mkishasalimiana tu, weka kiganja kwenye injini. Ukikuta ina joto, aga.

Mtoto wa Rungwe
Hili la kiganja ni kweli tupu.

Dada Spana
Mimi ni fundi, nazungumzia kinacholetwa mezani kwangu. Watu wanaangalia rangi na mita ya kilomita. Pikipiki ya 1998 inaumwa kwenye mpira: sili za shokapu, mipira ya breki, mipira ya kabureta (kile kinachochanganya mafuta na hewa), tairi. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukikuta 3211, imetengenezwa wiki ya 32 mwaka 2011, hata kashata, yaani meno ya tairi, zikiwa nzima usiipande kwenye mvua ya Tukuyu. Na ujue kabisa, CB500 nyuma inavaa tairi ya inchi 17, saizi 130/80-17, na cheni yake ni saizi 525. Maduka ya vipuri vya boda yamejaa tairi za inchi 18 na cheni 428. Ulizia bei ya hivyo viwili kabla hujataja bei ya pikipiki.

Boda Sae
Ndiyo maana nasema baki na 150. Kipuri kila kona, lita moja unazunguka mji mzima. Hiyo ni kilo kama 170 kabla ya mafuta, ikikulalia kwenye tope la Isyesye nani atainyanyua?

Mtoto wa Rungwe
Kaka, kapande Mlima Nyoka na 150 umebeba mke na gunia la viazi, semi zinakupumulia mgongoni, halafu urudi hapa.

Boda Sae
Nimepanda miaka tisa na sijafa.

Kamwene Ipogolo
Nilikuwa nasoma tu, lakini hilo neno la mipira ya breki la Dada Spana limenirudisha mlima Kitonga, acha niseme. Nilikuwa na ya silinda mbili, umri kama huo, nimeinunua miezi mitatu. Natoka Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni, mke nyuma, begi kwenye tangi. Kitonga naijua tangu utoto. Nikaikuta foleni ya malori inashuka taratibu, nami nyuma yao, nimeshikilia breki ya mbele muda wote, naachia kidogo, nashika tena. Kona ya tatu au ya nne nikashika, mkono wa breki ukaja mpaka kwenye usukani. Laini kama sifongo. Nikapampu, hakuna kitu. Breki ya nyuma peke yake na mzigo ule ilikuwa inapunguza mwendo tu, haisimamishi. Mbele yangu tela la lori, kulia magari yanapanda, kushoto bonde. Nikapiga gia ya pili, injini ikalia, nikapiga ya kwanza, gurudumu la nyuma likaserereka. Mke wangu alikuwa ananishika kiuno, hajui lolote, anaimba. Nikaona changarawe kidogo ukingoni, nikaingia pale, tukasimama tumeegemea chuma cha ukingo. Nilishuka magoti hayanibebi. Ilipopoa nusu saa, breki ikarudi kama haijatokea kitu.

Fundi alipofungua kikopo cha juu, mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Akanieleza kuwa yanavuta unyevu wa hewa, yakizeeka yanachemka kwa joto dogo, mvuke unaingia kwenye bomba, nawe unabana mvuke badala ya mafuta. Yanabadilishwa kila miaka miwili. Yale yangu nadhani yalitoka nayo ng'ambo. Mke hajapanda tena pikipiki mpaka leo, na simlaumu.

Kijiweni Mwanjelwa
Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili.

Dereva wa Makambako
Pole, lakini kosa ni kushuka Kitonga kwa breki. Mlima ule unashukwa kwa gia tangu juu.

Kamwene Ipogolo
Nakubali. Ila mafuta mazima yangenisamehe kosa hilo.

Mtoto wa Rungwe
Mwacheni, alikuwa na mke nyuma. Mwana wa Uyole, fungua hicho kikopo.

Mzee wa Kawetire
Jambo la kabureta. Mbeya tuko mita 1,700 hivi, hewa nyepesi, pikipiki iliyosetiwa pwani inakunywa mafuta kupita kiasi na plagi zinakuwa nyeusi. Badili jeti, kile kitundu kinachopitisha mafuta, weka ndogo.

Dada Spana
Shikamoo mzee, hapo sikubaliani. Akishuka Kyela kwenye mita 500 na jeti ndogo, injini itachemka kwa kukosa mafuta. Asafishe kabureta, aangalie kichujio cha hewa, aziache jeti za kiwandani.

Mzee wa Kawetire
Marahaba. Mimi yangu haiendi Kyela.

Dereva wa Makambako
Hakuna aliyetaja leseni. A1 ya pikipiki ndogo haifiki hapo, ni daraja A. Na namba ya chesisi isome kwa macho yako kwenye shingo ya usukani, ilingane na kadi. Halafu nunua koti la maana. Haina kava, upepo wa Njombe wote ni wako.

Mwana wa Uyole
Nimerudi. Nilifika saa kumi na mbili kasoro, injini baridi, ikawaka kwa choki bila moshi. Chesisi sawa na kadi. Tairi ya mbele 0814. Mafuta ya breki ya kahawia. Nilikwenda na mita ya umeme: betri volti 12.6, nikawasha injini na kuvuta mafuta, ikabaki 12.6.

Dada Spana
Ilitakiwa kupanda 13.5 hadi 14.5. Haichaji. Inaweza kuwa soketi iliyoungua tu, inaweza kuwa koili za ndani zinazozalisha umeme. Asiguse mtu mpaka niione.

Mwana wa Uyole
Nimemwambia mwenyewe hivyo hivyo, kakubali nije na fundi. Dada, Jumamosi saa mbili utaweza? Nitakupitia Kabwe.

Boda Sae
Nakuja na mimi. Nataka nione inavyonyanyuliwa.