Paka kamng'ata mwanangu, kituo kikamrudisha kimyakimya kwa mwenyewe wa zamani. Hii ni sawa kweli?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikirukaruka.

Mwezi uliopita tulichukua paka kwenye kituo kimoja hapa Dar kinachopokea wanyama wasiotakiwa. Sitakitaja. Dume la rangi ya tangawizi, sikio la kushoto lina pengo. Binti yangu wa miaka 8 akampa jina la Tangawizi palepale. Mimi nikauliza mambo mawili tu: ana tabia gani, na amechanjwa? Nikajibiwa ni mpole, mwoga kidogo kwa wageni. Chanjo anayo, kadi nitatumiwa. Kadi sijaiona mpaka leo.

Alikaa kwetu wiki tatu. Kuna kitu nilikiona nikakipuuza. Dagaa alikuwa anawatafunia upande mmoja, kichwa kakilaza, nusu ya dagaa wanadondoka, mate yanamchuruzika kidevuni. Mama watoto akasema huo ni uroho. Tukacheka.

Jumamosi jioni mtoto akamgusa shavu akiwa anakula. Paka akaukamata mkono na hakuuachia mpaka dada wa kazi alipommwagia maji. Ukiliangalia lile jeraha unaona vitundu viwili, kama vya sindano ya cherehani, na matone mawili ya damu. Basi. Bomba siku hiyo halikutoa maji, tukamwosha kwa sabuni na maji ya ndoo, mmoja anamimina kwa kikombe, mwingine anaangalia saa mpaka dakika 15 zitimie, na kilio mtaa mzima unasikia. Usiku huohuo akachomwa sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa (ndiyo, paka naye anaambukiza). Asubuhi mkono umevimba kama andazi, tukarudi kufuata dawa. Jino la paka ni jembamba, linasukuma uchafu ndani kabisa, halafu ngozi inajifunga juu.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye ugomvi wangu.

Daktari alitueleza kwamba sindano ni tano: siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Lakini kama paka yupo, afungiwe na aangaliwe siku 10. Siku ya 10 ikifika akiwa hai na mzima, maana yake siku aliyong'ata hakuwa na virusi kwenye mate, na sindano zilizobaki zinasimamishwa. Piga hesabu: mtoto angepona sindano mbili za mwisho.

Jumatatu nikampeleka paka kituoni kwenye kikapu chetu cha plastiki cha sokoni, mfuniko nimeufunga kamba. Nikamwambia kijana wa mapokezi, tena nikarudia: mfungieni siku 10, na mtazameni mdomo, kuna kitu kinamuuma. Akaandika kwenye daftari. Niliona kwa macho yangu akiandika.

Leo Ijumaa mchana simu inaita, namba siijui. Mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eti hiki kikapu ni chako? Nimeona namba imeandikwa chini."

Kumbe Jumanne, siku moja tu baada ya mimi kumwacha pale, walimpigia huyu mama wa Buguruni, aliyempeleka paka kituoni miezi mitano nyuma, wakamwambia aje amchukue "paka wake", asipokuja atachomwa sindano ya kufa. Mama wa watu akaona dhambi, akapanda daladala akamfuata. Hakuambiwa kwamba kuna mtoto kang'atwa. Hakuambiwa habari ya siku 10. Alipomfikisha nyumbani akamfungulia, na jana usiku paka kapita juu ya ukuta kaenda zake.

Nikamuuliza kwa nini alimpeleka kituoni mwanzo. Akasema, "Alimparura mjukuu wangu usoni, karibu na jicho. Niliwaambia." Na kule kwake jina la paka lilikuwa Mbabe.

MBABE, wakuu! Mimi nikauziwa mpole. (Sikuuziwa, nilitoa mchango wa hiari, lakini mmenielewa.)

Nimewapigia kituoni. Jibu lao: aliyemleta ndiye anayemjua, kwa hiyo wakimrudisha kwake wanamrudisha kwenye mazingira aliyoyazoea. Jamani. Mazingira hayohayo ndiyo yaliyomshinda, mama mwenyewe ndiye aliyesema yamemshinda, na yule mjukuu bado anaishi palepale! Fundi ukimpelekea pikipiki haina breki, hampi mtu wa pili aiendeshe, halafu huyo akianguka aje kukugongea geti wewe wa kwanza uichukue ilivyo.

Sipingi paka kurudi kwa mwenyewe. Kuna paka akiwekwa kwenye tundu katikati ya harufu za paka wengine thelathini anakuwa chui, ukimrudisha kwa bibi yake analala miguuni. Huyo arudi hata leo, kama mwenyewe anamtaka na ameambiwa kila kitu. Ila kwanza mtu ampanue mdomo amwangalie. Jirani yangu ni daktari wa mifugo. Nilipomsimulia habari ya dagaa na mate hakuchukua hata dakika: "Huyo ana jino bovu au fizi zimeoza. Ukimgusa shavu lazima ang'ate, hata wewe ungeng'ata." Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba Mbabe si mbabe, ana maumivu ambayo nyumba mbili na kituo kimoja, mimi nikiwemo, tumeyapita tukiyaona.

Na hili la kutishia sindano nalo linanikera. Najua vituo vimejaa, chakula ni ghali, na wengi wanafanya kazi kwa kujitolea. Nitatukanwa, lakini nasema: paka akishaangaliwa siku zake 10, akatibiwa, na bado anararua watu, daktari amlaze kwa utulivu kuliko kumtwisha mama wa watu huruma halafu paka aishie kwenye mitaro. Kuua kwa kumrusha mtaani nako ni kuua, tofauti ni kwamba hakuna wa kujaza fomu.

Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Wanaoijua vizuri niambieni: kituo kinachojua mnyama aliwahi kujeruhi mtoto, kikaficha, nakibana kwa njia ipi? Nianzie kwa afisa mifugo wa kata au polisi? Sitaki fidia. Nataka lile daftari.

Kesho ni sindano ya tatu. Binti hajui kwamba atamaliza zote tano, nimeshindwa kumwambia. Ameniuliza tu kama Tangawizi amekula.

Walioko Buguruni: dume la rangi ya tangawizi, sikio la kushoto lina pengo, anadondosha mate. Mkimwona msimshike kwa mkono. Mrushieni kanga au tenga, mumfunike, halafu niandikieni pembeni hata kama ni saa nane usiku. Siku ya 10 ni Jumanne.