Zenji na watoto wadogo, bichi gani imetulia?

MamaPacha_Kino: Habarini wapendwa. Shule zikifunga Juni tunataka kuvuka Zanzibar familia nzima, mimi, baba watoto, mapacha wa miaka minne na mama mkwe ambaye goti linamsumbua. Tunatafuta resoti ya kawaida tu, ukitoka mlangoni uko bichi, watoto wachezee maji na mimi roho itulie. Wengine wananiambia Paje, wengine Kendwa, na picha zote naona maji ya bluu, sasa tofauti iko wapi jamani??

Dau_la_Nungwi: Karibu sana dada. Tofauti ni maji kupwa na kujaa, hoteli ije baadae. Paje, Jambiani, Kiwengwa zote ziko mashariki, maji yakipwa yanakwenda mbali kweli, unaweza kutembea nusu saa hujapata pa kuogelea. Kendwa iko kaskazini magharibi, muda wote maji yapo, mchanga laini, na Juni ni kusi, upepo unapiga mashariki, Kendwa imejikinga kwa hiyo bahari inalala. Ila usije wikiendi ya mwezi mpevu, kuna sherehe kubwa ya usiku pale, muziki mpaka alfajiri, mapacha hawatolala.

Bi_Mwani: Hapo kwenye kupwa nakataa kidogo. Mimi wa Jambiani, na kwa mtoto wa miaka minne maji yakipwa ndo raha yenyewe, vinabaki vidimbwi vya magotini, vuguvugu, wanaona kaa na samaki wadogo, kina mama wako shambani kwao kwenye mwani. Muhimu wavae viatu, kuna viumbe vyeusi vya miiba, mtoto akikanyaga kilio chake si cha leo. Ukitaka kuogelea hasa angalia mwezi: siku za bamvua (mwezi mpevu au mwezi mwandamo) maji yanapwa kama saa nne asubuhi yanajaa saa kumi jioni, maji mafu (mwezi nusu) ni kinyume, asubuhi ndo yamejaa.

MamaPacha_Kino: Asante sana Bi Mwani hii sijawahi kuambiwa na mtu yeyote! Na goti la bibi je?

Bi_Mwani: Mchanga wa kwetu yakipwa unakuwa mgumu na tambarare, atatembea vizuri tu. Lakini ulizeni hoteli ngazi za kushukia bichi ngapi, zipo nyingi zimejengwa juu ya jiwe.

Dau_la_Nungwi: Hilo la ngazi kweli kabisa, hata huku Nungwi zipo. Na kusi boti inarusha, masaa mawili ya Dar mpaka Unguja bibi akae chini nyuma, asipande juu mbele. Njooni na vitambulisho vya taifa na vyeti vya watoto, muulize bei ya Watanzania kabla hamjalipa, hoteli nyingi wanayo ila hawaisemi mpaka uulize.

MamaPacha_Kino: Basi naona Kendwa kwanza, siku mbili za mwisho Jambiani. Bi Mwani nakuja inbox unielekeze.